Serikali Hununua Nini Inapogharamia Utafiti wa Tiba?

Swali: "Ndugu mtaalamu, mimi ni mhasibu katika hospitali ya umma. Kila mwaka bajeti inaposomwa nasikia fungu la utafiti wa tiba, na kila mwaka napatwa na swali lile lile. Dawa hutengenezwa na makampuni, makampuni yana fedha kuliko wizara yoyote, na dawa ikishapatikana tunauziwa kwa bei kamili kana kwamba kodi zetu hazikuchangia chochote. Kwa nini basi serikali itoe fedha za utafiti badala ya kununua dawa ambazo wagonjwa wanazihitaji leo? Fedha hizo huishia wapi hasa, na mtu wa vitabu vya hesabu kama mimi atajuaje kwamba hazikupotea?"

Jibu: Ndugu mhasibu, nashukuru kwa swali hili, hasa kwa kuwa umeliuliza kwa uchungu wa mtu anayeziona rafu za stoo ya dawa zikiwa tupu. Nimekaa miaka mingi katika majopo yanayopitia maandiko ya watafiti wanaoomba fedha za umma, na kabla ya hapo nilikuwa upande wa pili wa meza, nikiomba, na nikinyimwa mara nyingi zaidi kuliko nilivyopewa. Nitakujibu kwa urefu kidogo, kwa sababu maswali yako matatu yamefungamana, na ukijibiwa moja tu utabaki na shaka ya mengine mawili.

Nianze na neno lililomo katika swali lako ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotupoteza wengi wetu. Neno hilo ni "dawa". Serikali inapogharamia utafiti wa tiba, mara nyingi hainunui dawa. Inanunua majibu, na hasa majibu ya maswali ambayo hakuna mtu mwingine mwenye sababu ya kuyalipia. Kampuni huweka fedha mahali ambapo itazirudisha na faida juu yake. Hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi kuwa mtengenezaji na muuzaji pekee, hudumu miaka 20 tangu siku ilipoombwa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo huliwa na majaribio kabla kidonge cha kwanza hakijauzwa, kwa hiyo muda wa kuvuna ni mfupi na kampuni haina budi kuuliza yale tu ambayo jibu lake linaweza kuuzwa ndani ya muda huo. Siilaumu kwa hilo, kwani ndivyo ilivyoundwa. Lakini tiba imejaa maswali ambayo majibu yake hayawezi kutiwa ndani ya boksi na kubandikwa bei. Kati ya dawa mbili za zamani, ipi inaokoa watu wengi zaidi? Tiba ambayo madaktari wameizoea kwa miaka 30, je, inasaidia au inadhuru? Mgonjwa aache vidonge lini? Ugonjwa unaowapata watu wasio na fedha unaenea kwa njia gani?

Chukua mfano wa shinikizo la juu la damu, kwa sababu naamini hata katika orodha ya manunuzi ya hospitali yako dawa zake hazikosekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilikuwapo dawa mpya za bei kubwa zilizonadiwa kwa nguvu, na vilikuwapo pia vidonge vya zamani vya kuongeza mkojo, vya bei ya chini sana, ambavyo madaktari wengi walianza kuviona vimepitwa na wakati. Hakuna aliyekuwa amezishindanisha ana kwa ana kwa wagonjwa wa kutosha. Mwenye dawa mpya hakuwa na sababu ya kuliweka soko lake hatarini, na kidonge cha zamani hakikuwa na mwenyewe wa kukitetea, kwa kuwa hataza yake ilikuwa imekwisha kitambo. Serikali ya Marekani, kupitia taasisi yake ya moyo, mapafu na damu, ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya gharama za jaribio lililojulikana kwa jina la ALLHAT, ambalo lilianza kuandikisha wagonjwa mwaka 1994. Zaidi ya watu 33,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa kloathalidoni, yaani kile kidonge cha zamani, na wengine wakapewa mojawapo ya dawa mbili mpya zaidi, amlodipini au lisinoprili. Matokeo yalichapishwa Desemba 2002. Katika kuzuia mshtuko wa moyo na vifo vitokanavyo na kuziba kwa mishipa ya moyo, hakuna dawa mpya iliyokizidi kile kidonge. Na katika kuzuia moyo kushindwa kusukuma damu, kidonge cha zamani kilizishinda zote mbili.

Hebu litazame jibu hilo kwa macho ya mhasibu. Lina thamani kwa kila hospitali inayonunua dawa za shinikizo la damu mahali popote ulimwenguni, leo na miaka 50 ijayo, na bado hakuna mtu hata mmoja angeweza kulitoza bei. Ndiyo maana halikutoka kwenye kampuni. Jambo kama hilo lilijirudia mbele ya macho yetu sote mwaka 2020. Machi mwaka ule, watafiti wa Uingereza walianzisha kwa fedha za umma jaribio lililoitwa RECOVERY, wakazijaribu dawa kadhaa zilizokwishakuwapo kwa wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa. Kufikia Juni walikuwa wamejua kwamba deksamethasoni, dawa ya tangu miaka ya 1950 ambayo hupatikana kwa bei ndogo karibu kila mahali, hupunguza vifo kwa takriban theluthi moja miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa wanaopewa oksijeni. Walijua pia kwamba kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni dawa hiyo haisaidii. Sehemu hii ya pili ya jibu hutajwa mara chache, nami naiona ina uzito sawa na ya kwanza, kwa sababu ilizuia wagonjwa wengi wasipewe kitu ambacho kingeweza kuwadhuru.

Yapo majibu mengine ambayo yako mbali zaidi na kitanda cha mgonjwa, na hayo ndiyo humpa taabu zaidi mtu anayetetea fungu hili mbele ya wabunge. Katikati ya miaka ya 1960, Thomas Brock na mwanafunzi wake Hudson Freeze walikuwa wakichunguza viumbe wanaoishi katika chemchemi za maji moto za Yellowstone, huko Marekani, kwa ruzuku ya shirika la serikali la sayansi. Mwaka 1966 walipata bakteria anayestawi kwenye joto la nyuzi 70 hivi, joto ambalo lingewaua bakteria wengi tunaowafahamu. Hakuna mgonjwa aliyekuwa akisubiri habari hiyo. Miaka kama 20 baadaye kimeng'enya cha bakteria huyo, kwa kuwa hakiharibiki kwa joto, ndicho kilichofanya kipimo cha PCR, kinachozidisha vipande vya vinasaba hadi vionekane, kiwe chepesi na cha haraka, na leo kipimo hicho ndicho kinachopima wingi wa virusi vya UKIMWI katika damu, kinachogundua kifua kikuu sugu na kilichotumika kupima UVIKO-19. Sisemi kwamba kila anayechunguza chemchemi ataleta kipimo. Wengi hawaleti. Nasema kwamba hakuna jopo, hata lingekuwa na watu wenye hekima kiasi gani, ambalo lingeweza mwaka 1966 kumtambua huyu na kuwaacha wengine. Njia pekee ilikuwa kugharamia kazi nyingi nzuri na kusubiri.

Nije sasa kwenye swali lako la pili, fedha huishia wapi. Nitatumia zaidi mfano wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, zinazojulikana kwa kifupi cha NIH, kwa sababu ndizo zenye fungu kubwa kuliko chombo kingine chochote cha serikali katika utafiti wa tiba, takriban dola bilioni 47 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na hesabu zake zinasomeka na yeyote. Zaidi ya asilimia 80 ya fedha hizo hazibaki ndani ya taasisi; hutoka kama ruzuku kwenda vyuo vikuu, hospitali na vituo vya utafiti zaidi ya 2,500. Na huko zikifika, kwa sehemu kubwa huwa mishahara. Watu wengi hudhani utafiti ni mashine, lakini ukifungua bajeti ya mradi wa kawaida utakuta wauguzi wa utafiti, mafundi wa maabara, watakwimu, wanafunzi wa uzamivu, madereva wa kufuatilia washiriki majumbani. Utafiti wa tiba ni kazi ya mikono na miguu ya watu.

Kabla fedha haijatoka, kuna mchujo. Katika utaratibu wa NIH, ambao nchi nyingi zimeuiga kwa namna zao, kila andiko hupewa kwa kawaida wahakiki watatu wa fani ile ile, nao huliwekea alama kuanzia 1, ambayo ni bora kabisa, hadi 9. Karibu nusu ya maandiko, yale yenye alama hafifu, hayajadiliwi kabisa kikaoni. Yanayobaki husomwa moja moja. Mwenye udugu wa kikazi na mwombaji hutoka nje ya chumba. Mhakiki wa kwanza hueleza, wa pili huunga mkono au hupinga, kisha kila mjumbe huandika alama yake bila kuionyesha kwa jirani. Nimekaa katika vikao vya namna hii hadi macho yakauma. Dakika 15 hivi kwa andiko ambalo mtu amelihangaikia miezi sita. Nakumbuka andiko moja juu ya vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari, lililoandikwa bila mbwembwe yoyote, ambalo mhakiki wa kwanza alilipa alama ya katikati kwa sababu "halina jipya". Mama mmoja mtakwimu, ambaye kwa kawaida alikuwa mkimya, aliomba neno, akasoma aya ya hesabu ya sampuli kwa sauti, akasema kwamba katika siku mbili zile hilo ndilo andiko pekee lililotuambia ukweli kuhusu idadi ya wagonjwa watakaohitajika na muda utakaotumika. Chumba kilinyamaza. Alama zikabadilika, mradi ukapata fedha.

Simulizi hiyo isikufanye udhani majopo hayakosei. Yanakosea, na kosa lake la kawaida ni woga: fedha zikiwa chache, wajumbe huchagua kilicho hakika. Katalin Karikó, aliyekuwa akitafiti namna ya kutumia mRNA, molekuli inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini mwilini, kama tiba, alinyimwa ruzuku mara kwa mara, na mwaka 1995 chuo kikuu alichokuwa akifanyia kazi kilimshusha cheo. Aliendelea, akaungana na Drew Weissman, na mwaka 2005 wakachapisha ugunduzi wa jinsi ya kuibadilisha mRNA ili mwili usiishambulie, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2023 baada ya chanjo za UVIKO-19 kujengwa juu yake. Kilichowasaidia, pamoja na ukaidi wa Karikó, ni kwamba Weissman alikuwa na ruzuku za serikali. Kwa hiyo hadithi hiyo hiyo inayoonyesha upofu wa mfumo inaonyesha pia kilichouokoa: wingi wa milango. Nchi yenye mfuko mmoja, jopo moja na mwenyekiti mmoja itamkosa mtu wa namna hiyo.

Kuna sehemu nyingine ya matumizi ambayo nina hakika itakuvutia kama mhasibu, nayo ni gharama zisizo za moja kwa moja. Mradi unapopewa shilingi mia, taasisi inayoupokea huongezewa kiasi fulani kwa ajili ya umeme, majengo, kamati ya maadili, utupaji wa taka hatari, ofisi ya hesabu. Kwa nje hufanana na fedha ya chai, na wanasiasa wengi huishambulia. Februari 2025 NIH ilitangaza kwamba nyongeza hiyo isizidi asilimia 15 kwa taasisi zote, na mahakama ikazuia agizo hilo. Nikuonyeshe kitu kimoja ili ulipime jambo hili mwenyewe. Katika karibu kila kituo cha utafiti wa tiba kuna chumba chenye friji zinazohifadhi sampuli kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri. Zinanguruma usiku na mchana. Ndani yake kuna vichupa vidogo kuliko kidole cha mwisho, kila kimoja kimebandikwa namba, na kila namba ni mtu aliyekubali kuchomwa sindano kwa ajili ya wengine. Umeme ukikatika na jenereta isiwake, baada ya saa kadhaa sampuli za miaka kumi zinaharibika, na hakuna fedha inayoweza kuwarudisha watu wale kwenye hali waliyokuwa nayo siku damu ilipotolewa. Mafuta ya jenereta hiyo, mshahara wa mlinzi anayesikia kengele saa nane za usiku, bima ya jengo: hakuna hata kimoja kinachoonekana kwenye mstari wa bajeti wenye neno "utafiti". Gharama hizi zikaguliwe kwa ukali, nakubali kabisa, kwa sababu zipo taasisi zinazozitumia ovyo. Kuzifuta au kuzibana bila kuangalia ni kuzima friji.

Hapa nafika kwenye jambo ninalolijali kuliko yote katika jibu hili. Ukiniuliza nichague kati ya fungu kubwa linalopanda na kushuka na fungu la wastani lisiloyumba, nitachukua la pili bila kusita. Kati ya mwaka 1998 na 2003 bunge la Marekani liliongeza bajeti ya NIH mara mbili, kutoka karibu dola bilioni 13.6 hadi takriban bilioni 27. Vyuo vikajenga maabara, vikaajiri, vikadahili wanafunzi. Kisha bajeti ikakaa palepale kwa zaidi ya miaka 10 huku bei zikipanda, na thamani halisi ya fungu ikapungua kwa zaidi ya moja ya tano. Waliovutwa na wingi wa fedha wakawa wengi kuliko fedha zenyewe; kiwango cha maandiko yanayofanikiwa, kilichokuwa karibu asilimia 30, kikashuka hadi chini ya asilimia 20. Vijana ndio walioumia, kwani mtafiti mwenye mvi ana majina na mitandao ya kumvusha ukame, lakini aliyemaliza masomo jana hana.

Nimeliona hilo kwa karibu. Tulikuwa na mradi wa kufuatilia watoto waliozaliwa kabla ya wakati, na muuguzi mmoja wa utafiti aliyewafahamu akina mama wote kwa majina, akajua ni nani hupokea simu asubuhi na nani mume wake hapendi apigiwe. Fedha za awamu ya pili zilikuwa zimeidhinishwa, lakini zilichelewa miezi minne kwa sababu ya mvutano wa bajeti ambao haukutuhusu hata kidogo. Hatukuweza kumlipa, akapata kazi kwingine, na hakuna aliyemlaumu. Fedha zilipofika zote, tena kamili, tuliajiri mtu mwingine mwenye cheti bora kuliko chake. Tukawapoteza karibu robo ya watoto tuliokuwa tukiwafuatilia. Kwenye vitabu vya hesabu mradi ule haukupoteza senti. Kwa elimu ulipoteza miaka. Ndiyo maana habari za mwaka 2025, za ruzuku nyingi za NIH kusitishwa zikiwa katikati ya kazi, ziliwatia huzuni watu wa fani hii hata walio mbali sana na Marekani: jaribio lililokatizwa katikati huwa limekwisha kula fedha, limekwisha kuwaweka washiriki hatarini, na halijatoa jibu.

Umeuliza kwa nini tunauziwa kwa bei kamili kitu tulichokigharamia. Hapa sina utetezi wa kukupa, umesema kweli. Dawa ya AZT iliundwa mwaka 1964 na Jerome Horwitz kwa ruzuku ya taasisi ya saratani ya serikali ya Marekani. Ilikusudiwa kutibu saratani, ikashindwa, ikawekwa kando. Mwaka 1985 maabara ya taasisi hiyo hiyo ya serikali ilishirikiana na kampuni ya Burroughs Wellcome kuonyesha kwamba inazuia virusi vya UKIMWI. Kampuni ndiyo iliyopata hataza ya matumizi hayo, na dawa ilipoidhinishwa Machi 1987 gharama yake kwa mgonjwa ilikuwa kati ya dola 8,000 na 10,000 kwa mwaka, hadi maandamano ya wagonjwa yakailazimisha ipunguzwe. Sheria iliyotungwa Marekani mwaka 1980, ijulikanayo kama Bayh-Dole, huruhusu vyuo kumiliki hataza za ugunduzi uliogharamiwa na serikali na kuzikodisha kwa makampuni, na nia yake ilikuwa njema, kwani kabla yake gunduzi nyingi zililala makabatini bila mtu wa kuziendeleza. Sheria hiyo hiyo huipa serikali haki ya kuingilia kati na kutoa leseni kwa mtengenezaji mwingine iwapo ugunduzi hauwafikii watu kwa masharti yanayofaa. Kwa zaidi ya miaka 40 haki hiyo haikutumiwa hata mara moja, ingawa maombi yalipelekwa mara kadhaa.

Lazima pia niitendee haki kampuni: kati ya ugunduzi wa maabara na kidonge kilicho salama kuna kazi kubwa ya kutengeneza, kupima na kuidhinisha, na sehemu kubwa ya gharama hiyo hubebwa na kampuni, na dawa nyingi hushindwa njiani. Ninachokipinga ni serikali kukaa mezani kana kwamba haikuleta kitu. Muda wa kudai masharti ni siku ya kutia saini ruzuku au leseni, wakati ambapo mwenye fedha bado ana sauti: bei yenye mantiki, ruhusa ya kutengenezwa na wengine kwa ajili ya nchi zisizo na uwezo, matokeo kuwekwa wazi. Baada ya dawa kuingia sokoni, kudai huwa ni kuomba.

Na je, si afadhali fedha hizo zinunue dawa leo? Kuna kisa cha zamani ambacho nadhani kinajibu vizuri kuliko hoja zangu. Baada ya vita vya pili vya dunia, Uingereza ilikuwa haina dola za kutosha kununua streptomaisini, dawa mpya ya kifua kikuu kutoka Marekani. Kiasi kidogo kilichopatikana kingeweza kugawiwa kwa waliowahi. Baraza la Utafiti wa Tiba, chombo cha serikali, kwa ushauri wa mtakwimu Austin Bradford Hill, liliamua kwamba kwa kuwa dawa haiwatoshi wote, basi ni haki kuigawa kwa bahati nasibu na kujifunza kutokana nayo. Wagonjwa 55 walipewa dawa pamoja na mapumziko ya kitandani, 52 wakapewa mapumziko pekee, ambayo ndiyo yaliyokuwa matibabu ya kawaida. Baada ya miezi sita walikuwa wamekufa 4 katika kundi la kwanza na 14 katika la pili. Lakini jambo lililokuja kuokoa watu wengi zaidi liko kwingine katika ripoti hiyo ya mwaka 1948: kwa wengi waliopewa dawa, vimelea vilikuwa vimeanza kuwa sugu. Kutokana na hilo baraza likajaribu kuichanganya streptomaisini na dawa ya pili, likaona usugu unapungua sana, na ndipo ulipoanzia utaratibu unaofuatwa hadi leo wa kutibu kifua kikuu kwa dawa kadhaa kwa pamoja. Kama wangenunua na kugawa tu, wangepata faraja ya miezi michache, kisha wangebaki na dawa isiyofanya kazi bila kujua kwa nini.

Sisemi kwamba kila nchi itumie utafiti kama nchi tajiri zinavyotumia. Tume ya kimataifa ya utafiti wa afya kwa maendeleo, katika ripoti yake ya mwaka 1990, ilipendekeza nchi zinazoendelea zitenge angalau asilimia 2 ya matumizi yao ya afya kwa utafiti, na naona kipimo hicho bado kina busara: 98 kwa ajili ya kutibu, 2 kwa ajili ya kujua kama matibabu yanafaa.

Sasa swali lako la mwisho, utajuaje kwamba fedha hazikupotea. Usitafute dawa mpya. Utakata tamaa bure, na utawahukumu vibaya watu waliofanya kazi safi. Tafuta kwanza kama jaribio liliandikishwa kwenye sajili ya wazi kabla mgonjwa wa kwanza hajaingia, likataja litapima nini. Kisha tafuta kama matokeo yalitolewa, hata yakiwa ya kukatisha tamaa. Mwaka 2009 Iain Chalmers na Paul Glasziou walikadiria kwamba asilimia 85 ya fedha za utafiti wa tiba duniani hupotea, si kwa wizi, bali kwa maswali yaliyokwishajibiwa, mipango mibovu na matokeo yasiyochapishwa au yaliyoandikwa bila maelezo ya kutosha. Jaribio lililoonyesha kwamba dawa haifai, likachapishwa, halikupoteza fedha yako, limekuokoa usiinunue. Jaribio lililoonyesha jambo lolote na kubaki kwenye droo limepotea lote.

Tazama pia washiriki walitendewaje, kwa kuwa fedha ya serikali haimtakasi mtu. Kuanzia mwaka 1932 hadi 1972 idara ya afya ya umma ya Marekani iliwafuatilia wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende huko Tuskegee, katika jimbo la Alabama, ikawaficha ugonjwa wao na kuwanyima penisilini hata baada ya kujulikana kwamba inatibu. Ililipiwa kwa kodi mwaka baada ya mwaka, na hesabu zake zilipita. Sheria ya mwaka 1974 iliyolazimisha kamati za maadili katika utafiti wa serikali ilitokana na aibu hiyo, na ndiyo sababu mimi sikubali kamati hizo ziitwe urasimu.

Kama fungu la utafiti la nchi yako linapitia mahali unapoweza kuliona, omba karatasi tatu tu: orodha ya miradi iliyolipiwa miaka mitano iliyopita, namba ya kila mmoja kwenye sajili ya majaribio iwapo ulikuwa wa majaribio, na mahali matokeo yake yanaposomwa bila malipo. Ziweke sambamba, mstari kwa mstari, kama unavyolinganisha hati za malipo na taarifa ya benki. Penye nafasi tupu, andika barua kwa wahusika na uulize mradi ule ulijibu nini.